Sura ya 6: Ninunue Antivairasi Gani?

Swali hili huulizwa kila siku kwenye kaunta za maduka ya kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue: "Fundi, nimenunua laptopu, sasa niweke antivairasi gani?" Mara nyingi jibu huja pamoja na bei. Muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu, anatoa boksi lenye kadi ya namba za siri, anasema hii ndiyo kiboko ya virusi. Mteja analipa na kuondoka ameridhika. Hakuna aliyeuliza ndani ya kompyuta ile kuna kinga gani tayari, na kama kinga hiyo inafanya kazi.

Nitajibu mapema, ili asiye na nafasi asome aya hii tu. Kama kompyuta yako ya nyumbani inatumia Windows 11 iliyo halali, antivairasi nzuri imo ndani yake tangu siku ya kwanza, na hudaiwi hata senti. Inaitwa Microsoft Defender. Kwa familia nyingi inatosha, mradi iwe hai. Kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwa mafundi wetu zina Defender ambayo ilizimwa siku nyingi zilizopita bila mwenye kompyuta kujua. Huyo hata akinunua boksi la bei gani, kwanza ana kazi nyingine ya kufanya.

Tunajikinga na nini?

Mitaani kila balaa la kompyuta huitwa kirusi. Jina pana zaidi ni programu hasidi, yaani programu yoyote iliyotengenezwa ili imdhuru au imwibie mwenye kompyuta. Zipo za aina nyingi, lakini tatu ndizo zitakazokugusa nyumbani:

- Kirusi: programu inayojinakili yenyewe, kutoka faili hadi faili au kutoka flashi hadi kompyuta.
- Programu ya kijasusi: inakaa kimya ikisoma unachofanya. Nyingine hunakili kila herufi unayobonyeza, ikiwemo nywila ya barua pepe na ya benki.
- Programu ya kuteka mafaili: inafunga picha na nyaraka zako kwa namba za siri, kisha inakudai fedha ili uzifungue.

Kimojawapo cha virusi vya kwanza kuenea kwenye kompyuta za kawaida za ofisini na nyumbani kiliitwa Brain. Kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, na kilisafiri kwa disketi. Ndani yake waliacha majina yao, anwani na namba ya simu. Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha "nakupenda" ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia kwa muda mfupi mno. Aliyefungua kiambatisho chake aliharibu mafaili yake mwenyewe, na kompyuta yake ikawatumia barua hiyo hiyo watu wote aliokuwa na anwani zao.

Miaka ile wengi waliandika virusi kutafuta sifa. Leo wanatafuta fedha. Mei 2017 programu ya kuteka mafaili iitwayo WannaCry iliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150, ikavuruga hospitali za Uingereza, na kila kompyuta iliyofungwa ilidaiwa dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Linaloniumiza katika kisa hicho ni tarehe. Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya kuziba tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioathirika ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimepata masasisho, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji hutoa baada ya kugundua kasoro.

Flashi iliyotoka steshenari

Ukitaka kujua virusi vya huku kwetu husafiri vipi, simama kwenye steshenari iliyo karibu na chuo msimu wa kukabidhi ripoti za fildi. Kompyuta moja, printa moja, foleni ya wanafunzi, kila mmoja na flashi yake. Flashi ya wa kwanza ikiwa na kirusi, kompyuta inaupokea ugonjwa, na kila flashi inayofuata inaondoka nao. Jioni ile zimeshaingia hosteli, nyumbani kwa wazazi na ofisini kwa kaka.

Dalili yake wengi wanaijua. Unafungua flashi, kila folda imegeuka njia ya mkato, yenye mshale mdogo pembeni. Kinachofanyika ni hiki: kirusi kinaficha folda zako halisi, kisha kinatengeneza njia za mkato zenye majina yale yale na picha ya folda. Ukibofya, njia hiyo inakiamsha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yako ya kweli. Unaona kazi yako ipo, unaendelea na shughuli. Kompyuta yako imeshaambukizwa, nayo itaambukiza kila flashi itakayochomekwa.

Hapo watu hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza anaona kila kitu kimepotea, anaifomati flashi, yaani anaifuta yote, kumbe ripoti yake ya miezi mitatu ilikuwa mle mle imefichwa. Wa pili anaisafisha flashi lakini anaiacha kompyuta, na kesho yake tatizo limerudi. Utaratibu unaosaidia ni huu:

1. Usibofye njia ya mkato hata moja.
2. Anza na kompyuta. Sasisha antivairasi, kisha ipekue kompyuta nzima.
3. Chomeka flashi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua ipekuliwe na antivairasi.
4. Fungua dirisha la kuandikia amri la Windows na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Amri hii inarudisha hadharani mafaili yaliyofichwa.
5. Nakili kazi zako, futa zile njia za mkato, kisha ndipo uifomati flashi ukipenda.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Windows za wakati huo ziliruhusu programu iliyo ndani ya flashi ijiendeshe mara tu inapochomekwa, na kirusi kiitwacho Conficker, kilichoanza kuenea mwaka 2008, kilitumia pia mlango huo. Kuanzia Windows 7 ruhusa hiyo iliondolewa kwa flashi, na mwaka 2011 Microsoft ikaiondoa pia kwenye matoleo ya nyuma kwa njia ya masasisho. Ndiyo maana virusi vya flashi vya sasa vinahitaji kidole chako. Kwa kazi za kuchapisha, ushauri wangu ni kutenga flashi moja isiyo na kitu kingine chochote. Bora zaidi, mtumie mwenye steshenari faili la PDF kwa barua pepe au WhatsApp, flashi ibaki nyumbani.

Antivairasi inafanya nini hasa?

Mfikirie mlinzi wa getini mwenye daftari la picha za wezi waliowahi kukamatwa. Anayefanana na picha haingii. Lakini mwizi mgeni hana picha daftarini, kwa hiyo mlinzi makini huangalia pia mwenendo: mtu anayejaribu kitasa kimoja baada ya kingine anazuiwa hata kama sura yake haijulikani. Antivairasi hutumia njia zote mbili. Ina orodha ya alama za programu hasidi zinazojulikana, na inachunguza tabia. Programu inayoanza ghafla kufunga mafaili mia moja kwa dakika inasimamishwa kwanza, maswali baadaye.

Kutokana na hapo unaelewa mambo matatu. Kwanza, orodha isiyosasishwa inapitwa haraka, kwa sababu programu hasidi mpya hutokea kila siku. Pili, antivairasi inaweza kukosea na kukamata faili lisilo na hatia. Kwa hiyo haifuti papo hapo, inaliweka karantini, mahali ambapo faili haliwezi kufanya kazi lakini unaweza kulirudisha. Tatu, ikikuuliza kama uruhusu programu fulani, usibonyeze ndiyo ili tu ujumbe uondoke.

Kuhusu bando. Wengi huzima masasisho ili kuokoa data, na siwalaumu, kwa kuwa sasisho kubwa la Windows linaweza kumaliza bando la wiki nzima. Lakini orodha ya Defender ni jambo tofauti na sasisho hilo kubwa, na ni dogo mno ukililinganisha nalo. Microsoft pia huitoa kama faili moja ambalo unaweza kulipakua penye intaneti nzuri, ukalibeba na kulifungua kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Sasisha orodha walau kila wiki, na yale makubwa yapakue ukipata Wi-Fi ya ofisini au ya chuo.

Hiyo iliyomo tayari

Bado kuna watu wanaodharau Defender kwa kumbukumbu ya zamani. Microsoft ilinunua kampuni ya GIANT mwishoni mwa mwaka 2004, na kutokana na programu yake ikatengeneza Windows Defender, iliyopambana na programu za kijasusi tu. Mwaka 2009 ikatoa Security Essentials, antivairasi kamili ya bure ya kupakua. Windows 8, mwaka 2012, ndiyo iliyokuja na antivairasi kamili ndani. Miaka ya mwanzo ilipata alama za chini kwenye majaribio, na sifa hiyo mbaya imeishi kuliko ubovu wenyewe. Maabara huru ya AV-TEST ya Ujerumani huzipa programu hizi alama kwa mambo matatu: ulinzi, wepesi na urahisi wa kutumia. Kila jambo lina alama 6, jumla 18. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikikaa juu kabisa, pamoja na programu za kulipia.

Kujua kama yako iko hai ni kazi ya dakika chache. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua. Tazama kama ngao ina alama ya kijani, kama ulinzi wa muda wote umewashwa, na orodha ilisasishwa lini. Ukitaka uhakika zaidi, kuna faili la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi 68 tu, lisilo na madhara yoyote. Watengenezaji wa antivairasi walikubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya taasisi ya EICAR yenyewe. Kompyuta ikinyamaza na faili likabaki limetulia mahali pake, ujue huna kinga.

*Kwa ufupi hadi hapa:* virusi vingi vya kwetu huja kwa flashi na kwa mafaili ya kupakua. Antivairasi isiyosasishwa hailindi. Na Defender iliyo hai inatosha nyumba nyingi.

Windows iliyochakachuliwa

Hapa sitatumia maneno laini. Hatari kubwa kuliko zote kwa kompyuta ya nyumbani katika miji yetu ni Windows iliyochakachuliwa, pamoja na Office na michezo iliyochakachuliwa. Programu ndogo zinazotumika kuiwezesha Windows isiyolipiwa hukamatwa na antivairasi, kwa hiyo maelekezo yake karibu yote huanza na agizo moja: zima antivairasi kwanza. Fundi anazima. Kisha anazima na masasisho, ili Microsoft isije ikagundua. Wakati mwingine anaiambia Defender isipekue kabisa folda fulani. Anakukabidhi kompyuta inayong'aa, ameifunga mikono kinga yake, na wewe unalipa ufundi. Aliyeandika programu ile ya kuchakachua humjui, na umempa mamlaka juu ya kila kitu kilichomo.

Najua kisa chake ni bei. Leseni ya Windows 11 ya nyumbani huuzwa dola 139 Marekani, na kwa mwalimu au muuza duka hiyo si fedha ya mchezo. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa kompyuta za mtumba hawaambiwi. Tangu enzi za Windows 8, kompyuta nyingi za kampuni kama HP, Dell na Lenovo zinazouzwa na Windows huwa na namba ya leseni iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa umeme ndani ya kompyuta. Leseni hiyo haipotei diski inapofutwa. Fundi akipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, ambako ni bure kupakua, na akasakinisha toleo lile lile lililokuja na kompyuta, inajitambua yenyewe na kuwa halali. Tatizo huanza pale anapoweka toleo la Pro kwenye kompyuta yenye leseni ya Home, halafu akalichakachua. Kwa maneno mengine, mtu ana Windows halali aliyoinunua pamoja na mashine, na amewekewa ya wizi juu yake. Kabla fundi hajapiga Windows, mwulize: "Fundi, mashine hii ilikuja na toleo gani? Niwekee hilo hilo."

Kama leseni haipo kabisa, Linux Mint na Ubuntu ni mifumo ya bure isiyohitaji ujanja wowote, na LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel bila malipo.

Ukiamua kulipia

Zipo sababu za kweli za kununua. Labda una kompyuta nne na simu za watoto, unataka kuzisimamia pamoja. Labda unataka kudhibiti tovuti wanazofungua, na ukataka mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Bitdefender, ESET na Kaspersky ni majina utakayokutana nayo madukani. Uliza haya kabla ya kutoa fedha:

- Bei ya mwaka wa pili ni ngapi? Ya kwanza huwa ya kuvutia, na ukilipa kwa kadi inaweza kujirudia yenyewe.
- Kompyuta yangu ya RAM ya GB 4 itaibeba bila kuwa kobe? Matoleo ya majaribio yapo, jaribu kwanza.
- Maabara huru zinasemaje mwaka huu? Mbali na AV-TEST, ipo AV-Comparatives ya Austria, na matokeo yao yako wazi kwa kila mtu.
- Mwenye programu hii ni nani, na data yangu anaifanyia nini?

Swali la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo ningelipa uzito kuliko yote. Antivairasi inasoma kila faili na kuona kila tovuti unayofungua, vinginevyo haiwezi kukulinda. Januari 2020 ilifichuka kwamba Avast, iliyotumiwa bure na mamilioni ya watu, ilikuwa ikikusanya historia ya tovuti walizotembelea wateja na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ilifungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Mwaka huo huo Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini humo kwa hofu ya usalama wa taifa, kwa kuwa ni kampuni ya Urusi. Kampuni ilikanusha tuhuma. Mwezi Septemba baadhi ya wateja wake Marekani waliwasha kompyuta na kukuta antivairasi nyingine, UltraAV, imeshajisakinisha mahali pa ile waliyoinunua. Kwetu Kaspersky bado inauzwa, na majaribio ya maabara yameisifu kwa miaka mingi. Uamuzi ni wako, ila uufanye ukijua.

Usiweke antivairasi mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Zitagombania mafaili yale yale, kompyuta itakwama, na moja inaweza kuidhania nyenzake kuwa ndiyo hasidi. Defender hujiweka pembeni yenyewe ukisakinisha nyingine, na hurudi kazini ukiiondoa. Ya majaribio iliyokwisha muda na kubaki ikilalamika kila asubuhi, iondoe.

Na majasusi je, wanahitaji dawa yao?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walihitaji. Antivairasi za wakati ule ziliwapuuza, ndiyo maana watu waliweka Ad-Aware au Spybot kando. Leo kazi hizo zimeunganishwa. Kinachofaa kuwa nacho ni mpekuzi wa pili unayemwita ukiwa na mashaka, kama toleo la bure la Malwarebytes. Haligombani na Defender, kwa sababu linafanya kazi pale tu unapoliamuru.

Ujasusi mwingi wa nyumbani siku hizi unaishi ndani ya kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti. Pitia orodha ya viongezi vyake, yaani vijiprogramu vilivyopachikwa humo, na ufute usivyovikumbuka. Tazama pia tovuti ulizoziruhusu kukutumia taarifa. Ule ujumbe unaochomoza pembeni ukidai kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa usafishe, mara nyingi unatoka kwenye tovuti moja ya kuangalia mpira au filamu iliyokuomba ruhusa nawe ukakubali. Ondoa ruhusa hiyo, ujumbe utakoma. Usipige namba ya simu iliyoandikwa pale, wala usipakue "antivairasi" inayokupa.

Kuna jasusi mmoja ambaye programu inaweza isimwone: mtu wa karibu anayeijua nywila yako na kuweka kwa mkono wake programu ya kunakili unachoandika. Kwa huyo dawa ni kubadilisha nywila ukiwa kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, na kila mtu wa nyumbani kuwa na akaunti yake.

Kama bado uko kwenye Windows 10

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya virusi ya Defender inaendelea kusasishwa, lakini matundu mapya ya mfumo wenyewe hayazibwi bila mpango maalumu wa nyongeza, na WannaCry ilituonyesha matundu hayo yanavyotumika. Laptopu nyingi za mtumba zilizotengenezwa kabla ya 2017 hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo kabla ya kununua, uliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kwa Intel, anzia cha 8. Kama mashine unayo tayari, jiunge na mpango huo wa nyongeza au hamia Linux.

Fedha uliyokuwa umeitenga kwa ajili ya boksi la antivairasi, nunulia diski ya nje. Kila mwisho wa mwezi inakilie picha, vyeti na kazi zako, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Ichomoe kweli, kwa sababu programu ya kuteka mafaili hufunga pia kila diski inayoikuta imechomekwa.